Jiwe Ambalo Bi Mizani Hakuwahi Kulipima

Hebu niambie, ndani ya nyumba yako kuna kitu gani ambacho hujawahi kukipima, kwa sababu tu unakipenda?

Bi Mizani alikuwa nacho kimoja. Na yeye, kati ya watu wote, hakuwa na udhuru, maana kupima ndiyo ilikuwa kazi iliyompa hilo jina. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa mtunza ghala la mawe katika chuo cha madini. Ghala lenyewe lilikuwa chumba kirefu, madirisha sita upande mmoja, makabati ya droo upande wa pili, droo mia nne na kumi na mbili, kila moja na kishikio chake cha shaba kilichong'arishwa na vidole vyake mwenyewe. Jiwe likiletwa, liwe limeletwa na mwanafunzi kwenye mfuko wa nailoni au na profesa kwenye sanduku la mbao, lilianzia kwake. Alilipiga brashi. Alilipima hewani, halafu akalifunga uzi akalipima likiwa ndani ya maji. Kisha alikaa chini, akavaa miwani, akaliandikia lebo kwa wino mweusi, herufi zimesimama wima kama watoto kwenye mstari wa shule: jina la jiwe, uzito wake, mahali lilipotoka, aliyeliokota.

Hakuwa amesoma kupita shule ya msingi. Lakini maprofesa waliokuja na kuondoka walijifunza mapema kwamba Bi Mizani akisema "hili si lile," kubishana naye ni kujitafutia fedheha.

"Jiwe lisilo na kwao ni kokoto," alikuwa akiwaambia wanafunzi. "Mkishindwa kuniambia limetoka wapi, kalichanganyeni na saruji mjengee choo."

Sasa hicho kitu chake cha nyumbani nacho kilikuwa jiwe. Lilikaa sebuleni, juu ya rafu, kwenye kisahani cheupe, kati ya redio na picha ya harusi. Ukubwa wake haukuzidi ndimu. Lilikuwa fungu la sindano za kijivu zilizobanana pamoja kama ufagio mdogo, ziking'aa kama risasi iliyokatwa sasa hivi. Ukilisogeza dirishani, ubavu wake mmoja ulitoa rangi za bluu na zambarau, kama mafuta ya gari juu ya dimbwi. Chini lilikuwa na kisigino cha jiwe jeupe, na pale sindano zilipokutana na kisigino paliganda vumbi la manjano. Bi Mizani aliwahi kulisugua vumbi hilo kwa mswaki mara moja, likakataa kutoka, akaliacha.

Jiwe hilo aliletewa na mumewe mwaka wa posa. Mumewe watu walimwita Baruti, kwa sababu maisha yake yote alikuwa mtega baruti kwenye machimbo ya chokaa pembeni ya mji. Kazi hiyo ilimwachia sikio moja bovu na sauti ya kutosha masikio yote mawili. Na hadithi ya jiwe, alikuwa akiisimulia yeye mwenyewe, akiombwa na asipoombwa.

"Asubuhi hiyo tumelipua," angeanza. "Moshi unapungua, naona kitu kinang'aa kwenye ufa, ukuta wa mashariki. Wenzangu wote wanasema usiende, ukuta unaning'inia huo. Mimi nikachukua patasi. Nikapanda! Jiwe likanikata kidole gumba hiki hapa, kovu hilo, shika uone. Damu inatiririka, lakini moyoni nasema, hili ni la binti wa ile nyumba ya bombani, mtu mwingine hatalishika."

Ukuta huo ulikuwa ukirefuka. Mwaka wa kwanza wa ndoa ulikuwa na urefu wa watu wawili. Mtoto wa kwanza alipoanza shule ulikuwa umefika ghorofa mbili. Siku hizi, wajukuu wakikaa kitako mbele ya babu yao, ulikuwa unatafuta mawingu. Bi Mizani alicheka kila mara. Alijua mumewe anatia chumvi. Ukuta aliukata kwa nusu, damu akaipunguza ikabaki tone, lakini kiini cha hadithi hakukigusa. Mtu alipanda mahali pa hatari kwa ajili yake. Juu ya hilo ndipo alipojenga nyumba.

Na kwa jicho lake la ghalani, hadithi ilikaa sawa. Yeye alilijua jiwe lile kuwa ni jiwe la wanja, lile ambalo wanawake wa zamani walilisaga wakajipaka machoni. Jiwe la wanja ni la kijivu, lina sindano, ni laini hata ukucha unalikwaruza, na linaweza kuonekana kwenye chokaa. Basi alihitaji kujua nini tena? Hakuwahi hata kulipeleka kazini. Wenzake wakimwuliza, alijibu, "Lile si la kazi, ni la nyumbani."

Mwaka huu chuo kilipata mwalimu mpya wa mawe, msichana mwembamba mwenye mkoba mzito kuliko yeye. Alikuwa na mpango wa kuweka kabati la kioo kwenye mlango mkubwa, lijazwe mawe adimu tu. Alhamisi moja Bi Mizani alikuwa nyumbani na mguu umevimba, mwalimu akaja kumjulia hali na kumletea orodha aikague. Wakanywa chai. Mwalimu akasimama kuaga, akaliona jiwe.

"Mama, hili?"

"La wanja. Limetoka kwenye chokaa yetu hapa. Mzee alinichumbia nalo."

"Naruhusiwa kulishika?"

"Shika, mwanangu, haling'ati."

Mwalimu alilinyanyua, na kiganja chake kikashuka kidogo, kama mtu aliyepewa mtoto mnene kuliko alivyotarajia. Alilitazama kisigino. Alilirudisha kwenye kisahani taratibu sana.

"Zito," alisema.

"Mawe ni mazito, mwanangu. Si pamba."

"Ndiyo, Mama." Akachukua mkoba wake.

Ni hilo neno moja lililomnyima Bi Mizani raha. Mwalimu angetoa hotuba, angembishia. Lakini mtu anayeshika mawe kila siku akikuambia jiwe ni zito, akanyamaza, amekuachia mwiba kwenye kiti. Asubuhi iliyofuata, mguu ukiwa bado na uvimbe, alilifunga jiwe kwenye leso, akalitia mkobani na kuwahi ghalani kabla ya mtu yeyote.

Alifungua madirisha yote sita. Alifuta mizani ijapokuwa ilikuwa safi. Halafu akalipima jiwe lake kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini na moja.

Hewani, gramu mia moja tisini na mbili. Alilifunga uzi, akalizamisha kwenye gilasi ya maji, akangoja mapovu yatoke kati ya sindano. Majini, mia moja sitini na mbili. Tofauti thelathini. Hesabu hiyo alikuwa ameifanya mara elfu nyingi, lakini safari hii aliiandika pembeni ya gazeti, akaikata, akaiandika tena. Jiwe lilikuwa zito mara sita na zaidi kuliko maji ya ukubwa wake, na hapo kisigino cheupe, ambacho ni chepesi, kilikuwa kinalipunguza. Jiwe la wanja halifiki mara tano.

"Labda uzi umeshika maji," alijiambia. Akabadilisha uzi. Namba zikabaki pale pale.

Basi akachukua kichupa cha asidi, kile chenye mpira wa kudondoshea. Ukidondosha asidi juu ya chokaa, inapiga povu na kuchemka kama imetukanwa. Kila jiwe lililowahi kutoka kwenye machimbo ya mumewe lilifanya hivyo. Alidondosha tone moja juu ya kisigino cheupe. Akainama, pua karibu iguse. Tone lilikaa pale, limetulia, safi kama chozi. Akadondosha la pili. Kisigino kilinyamaza.

Alichukua kipande cha kioo, akakikwaruza kwa kile kisigino. Mstari mweupe ukatokea kwenye kioo. Chokaa haina ubavu wa kukwaruza kioo.

Mwalimu alimkuta ameketi mikono mapajani, jiwe mbele yake limelowa.

"Umelipima, Mama."

"Nimelipima. Sasa niambie ni nani huyu niliyelala naye nyumba moja."

Mwalimu alivuta kiti. "Ni bismuthi iliyoshikana na salfa. Huyu na jiwe la wanja ni kama dada wawili, Mama, hata wazoefu huwachanganya. Rangi ile ile, sindano zile zile, ulaini ule ule, na ukileta mshumaa wote wawili wanayeyuka kwenye mwali. Uzito ndio unaowatofautisha. Na hilo vumbi la manjano ni kutu yake, jiwe lenyewe likikaa na maji na hewa miaka mingi."

"Bismuthi. Ile ya dawa ya tumbo?"

"Ile ile. Lakini kuipata hivi, sindano zimesimama bila kupinda, ni adimu sana. Mimi nimeona kwenye picha tu."

"Na kwao ni wapi?"

Hapo mwalimu alisita. Alikuwa kijana, lakini si mjinga, alikumbuka ile "mzee alinichumbia nalo."

"Mwanangu, nimekuuliza kwao ni wapi."

"Si kwenye chokaa yetu. Hii huzaliwa pale ambapo jiwe la moto limepoa chini ya mlima, maji ya moto yakapita kwenye nyufa, yakaacha haya mawe meupe. Jirani zake ni bati na wolframu, madini ya waya za taa. Ona hivi vidoa vyeusi kwenye kisigino." Alimpa kioo cha kukuzia. "Mgodi wa namna hiyo ninaoujua mimi ni mmoja tu. Ule mgodi wa bati wa mlimani, uliofungwa. Na wewe unapajua kuliko mimi, Mama. Una vipande viwili, droo ya mia tatu na saba."

Bi Mizani aliinuka, akaifungua droo ya mia tatu na saba. Makombo mawili, madogo kama meno, juu ya pamba. Jeupe lile lile. Vidoa vyeusi vile vile. Na lebo ilikuwa ya mkono wake mwenyewe: mgodi wa bati, mlimani. Alikuwa ameiandika miaka kumi na tano iliyopita, akaenda nyumbani jioni ile, akapangusa vumbi jiwe la kwenye rafu.

Baruti hakuwahi kufanya kazi mlimani. Aliyefanya kazi mlimani, mkataba baada ya mkataba hadi miaka saba, ni mdogo wake.

Huyo mdogo wa Baruti nyumbani walimwita Taratibu. Jina hilo lilimkaa kama kofia. Wakati Bi Mizani alipokuwa binti wa nyumba ya bombani, ni Taratibu aliyekuja kuchota maji mara nyingi kuliko kiu ya nyumba yao. Hakuwa msemaji. Siku moja alimbebea ndoo hadi mlangoni, akaitua, akasema, "Nitakwenda mlimani. Nitarudi." Basi. Akaenda. Na yeye, bila kuambiwa na mtu, akangoja. Alingoja neno miezi minane. Neno halikuja. Akaja Baruti na jiwe kiganjani na damu ya kwenye hadithi, na binti akajiambia kwamba afadhali anayepanda ukuta kuliko anayenyamaza.

Siku ile hakumwambia mumewe kitu. Taratibu alikuwa akija kunywa chai kwao kila Jumapili, na Jumapili haikuwa mbali. Nyumbani, Baruti aliona kisahani kitupu.

"Mama watoto, jiwe letu liko wapi?"

"Kazini. Linasafishwa."

"Linasafishwa nini? Jiwe lina uchafu?"

"Lina kidogo."

Jumamosi nzima Baruti alimmenyea machungwa, akamkanda mguu kwa maji ya moto, akamsimulia hadithi ya ukuta wa mashariki bila kuombwa, mara mbili. Alikuwa mume mwema. Hilo ndilo lililokuwa linamkaba. Kila alipomtazama akikunja taulo kwa uangalifu wake, alijikuta akiuliza moyoni, na hili je, na lile je, nalo nipime? Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Basi huyu wake alikuwa ametembea miaka arobaini na moja bila hata kupumzika.

Jumapili saa kumi Taratibu alibisha hodi, na kikohozi chake cha mgodini kikatangulia kuingia. Alivua kofia. Akaenda kwenye kiti chake, kile alichokikalia siku zote, kilichoipa rafu mgongo. Bi Mizani alikuwa amezoea kufikiri ni kwa sababu ya mwanga wa dirisha. Leo alimtazama akikizunguka kiti kingine kilicho karibu zaidi ili akifikie hicho, akaelewa.

Lakini jiwe halikuwa kwenye rafu. Lilikuwa katikati ya meza, kwenye kisahani chake, kati ya birika na mkate. Kando yake palikuwa na lebo ya chuo na kalamu.

"Heee," Baruti alisema. "Leo tuna mgeni rasmi mezani."

Taratibu alilitazama jiwe, kisha akatazama kikombe chake.

"Chuo kinataka kuliweka kwenye kabati la kioo," alisema Bi Mizani. "Jina nimeandika. Uzito nimeandika. Imebaki mistari miwili, mahali lilipotoka na aliyeliokota. Baba watoto, wewe ndiye unayejua. Andika."

"Si unajua! Ukuta wa mashariki, asubuhi hiyo tumelipua—"

"Usinisimulie. Andika."

Baruti alichukua kalamu. Ilisimama hewani juu ya karatasi. "Miwani yangu sijui nimeiweka wapi."

"Iko kichwani kwako."

Aliishusha. Aliitazama lebo kana kwamba imeandikwa kwa lugha ya ng'ambo. "Andika tu wewe, mwandiko wangu mbaya, utawatia aibu."

"Nimelipima," alisema Bi Mizani.

Kalamu ilitua mezani.

"Ulisema hutalipima. Ulisema hili ni la nyumbani."

"Ni zito kuliko wanja. Na kisigino nimekidondoshea asidi, kimenyamaza. Wewe umepasua chokaa maisha yako yote, mume wangu. Uliwahi kuona chokaa inanyamaza?"

Baruti aliirudisha miwani kichwani. Sauti iliyotoka ni ya Taratibu, taratibu kama jina lake.

"Shemeji. Unalipima leo? Ina maana siku zote hizi ulikuwa hujui?"

"Sijui nini?"

"Kwamba mimi ndiye niliyelituma."

"Mdogo wangu," alisema Baruti haraka, "sisi tumeshakuwa wazee, mambo ya—"

"Mwache aseme," alisema Bi Mizani. "Huyu katika maisha yake amesema mara tatu tu. Leo ni ya nne, usimkate."

Taratibu alikohoa, akafuta midomo. "Nililitoa kwenye ufa wa maji, chini kabisa. Nililala kwa tumbo siku nzima. Sindano zake zinapinda, shemeji, ukizigusa vibaya zinainama kama bati jembamba. Nikalivisha soksi, nikalitia kwenye kopo la chakula. Kaka alipopanda kuja kunitembelea, nikampa. Nikamwambia, mpe binti wa nyumba ya bombani. Mwambie mkataba wangu umebakiza miezi mitano. Akitaka, anisubiri. Asipotaka, nirudishie jiwe." Alikizungusha kikombe chake. "Jiwe halikurudi. Ilikuja barua ya harusi."

"Ukaja harusini."

"Nikaja. Wiki hiyo hiyo nikaliona pale juu ya rafu. Nikasema, huyu mwanamke ana moyo gani? Ameniacha, na jiwe langu amelifanya pambo. Basi nikatafuta kiti cha kulipa mgongo."

Bi Mizani alimgeukia mumewe. Hakupaza sauti. "Na kidole? Kile kidole cha damu?"

Baruti alikitazama kidole gumba chake kama kimemsaliti. "Kopo la maziwa," alisema.

"Kopo la maziwa."

"Nilikuwa nalifungua kwa kisu."

Katika nyumba nyingine, siku nyingine, wangecheka watatu mpaka chai imwagike. Hakuna aliyecheka.

"Nilikuwa na nia ya kulifikisha," alisema Baruti. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye masikio mazima. "Haki ya Mungu. Siku mbili ndani ya basi, nimelipakata, nakariri maneno yake: mkataba miezi mitano, akitaka anisubiri. Nikafika bombani. Ukalipokea kabla sijafungua mdomo. Ukalitazama, halafu ukanitazama mimi. Hakuna mtu aliyewahi kunitazama vile, si mama yangu, si nani. Ukaniuliza, 'Umelitoa wewe?' Nikasema ndiyo. Nikajiambia, kesho nitamweleza."

"Kesho ya miaka arobaini na moja."

"Kila kesho ilikuwa nzito kuliko ya jana."

Taratibu aliegemea nyuma, akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo mlangoni mwa mwenyewe. "Basi, shemeji," alisema, "sasa umejua aliyekukosea."

Labda alitarajia ashikwe mkono. Bi Mizani alimgeukia na uso ule ule.

"Na wewe mdomo wako ulikuwa umemwazima nani? Umeniona nikipika kwenye nyumba hii, nikizaa, nikizika wazazi wangu. Umekunywa chai yangu Jumapili zaidi ya elfu moja ukilipa mgongo jiwe, na hukuwahi kuniuliza, 'Shemeji, ulipata maneno yangu?' Maneno manne hayo. Hata siku ya ndoo ulisema matatu."

"Niliona aibu."

"Yeye aliona woga, wewe ukaona aibu, na mimi mkaniweka katikati kama hiki kisahani."

Taratibu alishusha macho. Baruti alinyoosha mkono kuelekea mkono wa mkewe, ukafika nusu ya meza, ukarudi wenyewe.

Bi Mizani alivuta lebo. Alivaa miwani. Kwenye mstari wa mahali aliandika: mgodi wa bati, mlimani, ufa wa maji. Kwenye mstari wa aliyeliokota aliandika jina la shemeji yake, lile la kwenye cheti si la nyumbani, herufi wima, bila haraka. Alipuliza wino ukauke. Lebo nyingi alikuwa ameziandika maishani, na hakuna hata moja iliyowahi kumchosha mkono namna ile.

Chai ilikuwa imepoa kwenye vikombe vyote vitatu. Ni Baruti aliyeshindwa kuvumilia.

"Mke wangu. Ningelisema neno lake siku ile. Ungemngoja?"

Taratibu naye aliinua uso. Wazee wawili, mmoja mwenye mvi upande huu, mwingine mwenye kikohozi upande ule, walimkodolea macho kama wanafunzi wanaongoja kusomewa alama. Na Bi Mizani aliona kwamba hata sasa bado wanashindana, na kwamba kila mmoja alitaka atangazwe yeye. Angeweza kumpa mmoja wao jibu tamu. Angeweza kumpa mwingine jibu la kumchoma. Alilipima hili kama alivyopima kila kitu, mara mbili.

"Sijui," alisema. "Pengine ningemngoja. Pengine miezi mitano ingenichosha. Pengine ningekutaka wewe hata ungekuja mikono mitupu, maana ulikuwa unanichekesha, na yeye hajanichekesha hata siku moja. Nimefikiri siku tatu, sijui, na sitajua tena, kwa sababu yule binti aliyekuwa na jibu hayupo. Mlimmaliza ninyi wawili, huyu kwa kusema na huyu kwa kunyamaza."

"Basi tufanye nini?" aliuliza Baruti. "Niambie. Unataka nini, nikifanye?"

"Unaniuliza leo."

"Nakuuliza leo. Ulitaka nini?"

Bi Mizani alivua miwani, akaiweka mezani, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Hicho tu," alisema. "Nilitaka niulizwe."